Je, Kupokea Nako Ni Wema?

Usiku wa tatu baada ya Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana, watu wa mtaa wetu walikusanyika shuleni kutazama picha ya sinema. Shuka nyeupe ilitundikwa ukutani, mashine ikawashwa, watoto wakaketi chini mbele, wazee wakapewa viti. Picha ilikuwa ya Marekani, ya siku nyingi, haina rangi ila nyeupe na nyeusi. Na kwa kuwa maneno yake ni ya Kiingereza, sisi tulisimama kando ya shuka tukiyaeleza kwa Kiswahili kadiri tulivyoweza. Ilipokwisha, watu wengi walikuwa wakifuta macho. Hata wale vijana wa nyuma, ambao desturi yao ni kucheka penye kilio, walinyamaza.

Tulipokuwa tukikunja shuka, mzee mmoja wa kanisa alitukaribia akauliza, "Mwalimu, yule bwana alikuwa na rafiki mji mzima. Mbona hakuwaendea tangu asubuhi?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia kwa mzaha kwamba kama angaliwaendea asubuhi, picha ingalikuwa fupi mno. Akacheka kwa adabu, akaenda zake. Walakini swali lake halikutuacha, na ndilo lililotushikisha kalamu leo.

Yafaa kwanza tuwaeleze habari ya picha wale ambao hawakuiona. Jina lake ni It's a Wonderful Life, na aliyeitengeneza ni Frank Capra, mtu aliyezaliwa katika kisiwa cha Sisilia mwaka 1897, akachukuliwa Marekani na wazazi wake maskini angali mtoto mdogo. Asili ya hadithi ni kijitabu cha Philip Van Doren Stern. Bwana huyo aliiandika akaipeleka kwa wachapaji, wakaikataa; basi mwaka 1943 alichapisha mwenyewe nakala 200, akawapelekea rafiki zake badala ya kadi za Krismasi. Capra aliifanya picha, nayo ikaoneshwa mara ya kwanza New York tarehe 20 Desemba 1946. Haikuleta faida, fedha zilizoingia hazikufikia gharama. Miaka ikapita. Mwaka 1974 haki ya kuimiliki ilikwisha muda wake, na wenyewe hawakuiandikisha upya. Hapo vituo vya televisheni vya Marekani viliona kwamba vyaweza kuionesha bila ya kulipa, vikaionesha kila Desemba, hata ikawa desturi ya sikukuu katika nyumba nyingi za kule. Watoto walituuliza habari ya theluji ile nyeupe iliyojaa njiani. Theluji ile si theluji. Picha ilipigwa wakati wa joto, na walichomwaga njiani ni povu la kuzimia moto lililochanganywa na maji na sabuni. Machozi ya watazamaji, hata hivyo, ni machozi kweli.

Sasa hadithi. Katika mji mdogo wa kubuniwa uitwao Bedford Falls alikaa mtu jina lake George Bailey. Tangu ujana wake alitamani kusafiri nchi za mbali na kujenga madaraja na majumba marefu. Hakwenda po pote. Alipokuwa mtoto aliruka katika maji ya barafu kumwokoa mdogo wake, na tangu siku hiyo sikio lake la kushoto halikusikia tena. Katika duka la dawa alikofanya kazi baada ya masomo, alimwokoa mwenye duka, aliyekuwa amelewa kwa huzuni ya kufiwa na mwanawe, asipeleke sumu kwa mgonjwa kwa makosa. Baba yake alipokufa, ilimpasa George kushika chama alichokiacha, yaani chama cha akiba na mikopo kama vyama vyetu vya siku hizi, ambacho watu wadogo waliweka senti zao humo na kukopeshwa fedha za kujenga nyumba. Akiba yake ya masomo akampa mdogo wake, akaenda huyo chuoni badala yake.

Siku ya arusi yake mwenyewe hofu iliingia mjini kwamba fedha za watu zimepotea. Jambo hili halikubuniwa ovyo: kati ya miaka 1930 na 1933 benki zipatazo 9,000 zilifungwa Marekani, na watu wengi waliamka asubuhi wakakuta milango imekomewa na akiba ya maisha imo ndani. Watu wa Bedford Falls wakakimbilia chamani, kila mmoja ataka zake zote. George akawaeleza kwamba fedha zao hazimo kabatini. Zimo katika nyumba ya jirani huyu na paa la jirani yule. Twapenda sana maneno hayo, maana katika vyama vyetu wako wanaodhani kwamba fedha hukaa sandukuni zikilala usingizi. Kisha bibi arusi akatoa dola 2,000 walizokuwa wameweka kwa safari ya fungate, wakawagawia watu. Wa kwanza akadai dola zake 242 zote, hakupunguza hata senti. Walipofuata wengine, mwanamke mmoja alifikiri kidogo, akasema kwamba dola 17 na senti 50 zitamtosha. Jioni zilibaki dola mbili.

Mjini humo yuko tajiri mmoja, Potter, mzee wa kiti cha magurudumu, mwenye benki na nyumba za kupangisha na karibu kila kitu. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1945, baba mdogo wa George, mzee msahaulifu aliyefanya kazi chamani, alikwenda benki na dola 8,000 za chama. Kwa kumfanyia Potter mzaha alimpa gazeti, na fedha zimo ndani ya gazeti. Potter akazikuta, akajua ni za nani, akanyamaza. Siku hiyo hiyo mkaguzi wa mahesabu yuko mlangoni. Fedha zisipopatikana, George atafungwa.

Hapo ndipo penye swali la mzee wetu. Tuliitazama picha mara ya pili, peke yetu, kwa ajili ya saa zile chache za jioni hiyo.

Mjini humo George alimtafuta mtu mmoja tu wa kumwomba, naye ni Potter, adui yake! Alikwenda akasimama mbele ya meza yake, akasema kwamba ni yeye aliyezipoteza fedha. Hakumtaja mzee wake. Potter alimcheka. Akamwuliza kwa dhihaka mbona haendi kwa wale watu ovyo awapendao sana, awaombe wao hizo dola 8,000. Akaongeza kwamba wangemfukuza mjini. Akaiona na hati ya bima ya maisha mkononi mwake, ya dola 15,000, akamwambia kwamba thamani yake akiwa maiti yapita thamani yake akiwa hai. Tazameni jambo hili. Shauri jema kuliko yote katika picha nzima lilitoka katika kinywa cha mtu mbaya kuliko wote, naye alilitoa kama tusi. Nenda kwa watu wako. Potter alilisema kwa kuwa hakuliamini. La kuhuzunisha ni kwamba George naye hakuliamini.

Kwa nini? Watu wengi watajibu kwamba ni kiburi, na kiburi kimo. Lakini neno hilo ni pana mno. George hakuwa mtu wa kujisifu. Aliwapenda watu wale. Asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa amempa fedha msichana mmoja wa mjini aliyetaka kuanza maisha mapya mahali pengine. Twadhani jambo lilikuwa hili: mtu ambaye tangu utoto wake ni mkono wa kutoa tu, mwisho hujijua kwa mkono huo peke yake. Kiti cha mtoaji kimeinuka kidogo. Aliyekaa juu yake huwaona watu vizuri sana, hujua shida za kila mmoja, huzikumbuka na kuziombea. Naye mwenyewe haonekani. Mwambie ashuke akae mkekani na wenzake, atakuambia kwamba anakuonea huruma wewe, hataki kukusumbua. Asema kweli. Walakini nyuma ya kweli hiyo imejificha hofu: Nikishuka, nitakuwa nani? Na tena, Nikiwaomba wakaninyima, je, upendo wao wote wa miaka hii ulikuwa nini? Kwa Potter hofu hiyo haipo. Kunyimwa na adui hakuumizi moyo.

Sasa angalieni hitaji lililofichwa laenda wapi. Halikai kimya. Kabla ya kumwendea Potter, George alirudi nyumbani kwake, mti wa Krismasi umepambwa, mtoto mmoja akijizoeza kinanda, mwingine akiuliza tahajia ya maneno, na binti mdogo, Zuzu, amelala kitandani na homa. Mtu huyu mpole akawakemea watoto wote, akapiga teke vitu akavivunja, akamfokea mkewe. Kisha mwalimu wa Zuzu akapiga simu kuuliza hali ya mtoto. George akamnyakua mkewe chombo cha simu, akamtukana mwalimu yule kwamba kwa uzembe wake mtoto amerudi nyumbani bila ya nguo za kutosha. Mwalimu akalia. Baadaye kilabuni mume wa mwalimu akamkuta George akampiga ngumi ya uso, na sisi waalimu, Bwana atusamehe, hatukusikitika sana. Kila mwalimu asomaye ukurasa huu amewahi kusimama mlangoni pa shule akimsikiliza mzazi mwenye hasira, akajua kwamba hasira ile haihusu shule hata kidogo. Ni hasira ya deni, au ya ugonjwa, au ya shamba lililokauka, nayo yamtafuta mtu asiyeweza kurudisha pigo. Wenye nyumba hawakujua kosa lao ni nini. Mwanamume ambaye hakutaka kuwasumbua jirani zake kwa hitaji lake, aliwasumbua watoto wake.

Hata akafika darajani, usiku, theluji ikianguka, ajitupe mtoni ili jamaa zake wapate ile bima.

Malaika anayetumwa kumwokoa ni mzee mcheshi asiye na mabawa, jina lake Clarence. Hapa lazima tuseme neno kwa ajili ya watoto wa darasa la kipaimara: kwamba wanadamu hufa wakawa malaika, na kujipatia mabawa kwa kazi zao, si fundisho la Maandiko, ni mchezo wa hadithi, asije mtu akalileta katika mtihani. Lakini mtengenezaji wa picha alijua jambo moja vema. Malaika yule hakumshika George mkono, wala hakumhubiria. Alijitupa yeye mtoni akapiga makelele ya kuomba msaada. George akasahau kufa, akaruka kumwopoa. Mjumbe wa mbinguni alikuja kama mtu mwenye kuhitaji, maana huo ndio mlango pekee wa moyo wa George uliokuwa wazi. Kisha akamwonesha mji ungalikuwaje lau yeye hangalizaliwa: mdogo wake amekufa majini, mwenye duka la dawa amefungwa akatoka mwombaji, nyumba za maskini hazikujengwa. Sehemu hiyo yasifiwa sana. Kwetu sisi si kilele cha picha. Yote iliyomwonesha ni kwamba yeye alikuwa mtoaji mkubwa, na hilo si jipya sana. Jipya lamngoja nyumbani.

Maana alipokuwa akitangatanga, mkewe Mary hakukaa kulia. Alitoka na baridi ile akawaambia watu wachache, George yumo katika shida. Hakutoa hotuba. Wale wakawaambia wengine, na mji mzima ukatawanyika kukusanya. Hakuna aliyeuliza fedha zilipoteaje wala ni kosa la nani. George aliporudi, nyumba ikajaa watu wenye mifuko na makopo, wakamimina fedha mezani kapuni mpaka zikafurika. Mwenye kilabu alikuwa amevunja mashine yake ya muziki akatoa senti zilizomo. Mwenye duka la dawa alikwenda kwa wadeni wake wote. Rafiki aliye mbali akapeleka simu ya maandishi kwamba amemfungulia fedha hadi dola 25,000. Mkaguzi naye akatia mchango, na askari akairarua hati ya kumkamata. Annie, mtumishi wa nyumba yao, mwanamke mweusi, akatoa akiba yake, akiifanyia mzaha. (Twasema kwa kupita: Marekani ya mwaka 1946 watu weusi walibaguliwa kwa sheria katika majimbo mengi, na picha hii yampa Annie jiko na maneno machache ya kuchekesha. Yeye atoa kama wote. Kama kuna siku mji ule ulimjazia yeye kapu, hatukuoneshwa.)

Katika saa hiyo tazameni uso wa George. Mchezaji wake ni James Stewart, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka vitani, alikorusha ndege za mabomu huko Ulaya, na hii ilikuwa picha yake ya kwanza baada ya vita. Hasemi karibu neno lo lote. Amembeba mtoto, anatazama fedha, anatazama watu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Hana cha kumpa mtu. Hajui aiweke wapi mikono yake. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanya tangu utoto, kupita ile ya kuruka katika barafu, nayo haikumtaka afanye kitu.

Wasomaji wetu wengi waijua hadithi nyingine ya Krismasi, ya Charles Dickens wa Uingereza, A Christmas Carol, iliyochapishwa mwaka 1843, ambayo imefanywa sinema mara nyingi tangu mwaka 1901. Humo mzee bahili, Scrooge, hutokewa na mizuka usiku, na asubuhi amegeuka, akanunua bata mzinga mkubwa akampelekea karani wake maskini. Ni hadithi njema, nasi tumeisoma darasani mara nyingi. Lakini furaha yote imeandikwa upande wa mtoaji. Hata bata yule Scrooge amtuma kwa siri, jamaa wa karani wasijue ametoka wapi. Picha nyingi za Krismasi zimeifuata njia hiyo. Jamaa maskini wapo, mtoto mgonjwa yupo, theluji ipo. Na kazi ya maskini katika hadithi ni kukaa mahali pao mpaka mwenye nacho ajifunze huruma, kisha washukuru. Twaona kwamba Capra, labda kwa kuwa alikuwa mtoto wa maskini, alijua jambo lililopungua humo. Maskini wake ndio watoao mwishoni, na mtu mwema ndiye afundishwaye.

Tena kuna Potter. Hakukamatwa. Picha yakwisha na dola 8,000 za watu zingali kwake, na mchango wa jirani haukumgusa hata kidogo. Wako wanaolaumu jambo hilo, nasi twakubali nusu. Wema wa jirani haufanyi kazi ya hakimu, wala usifanywe blanketi la kumfunikia mwizi. Wanakijiji wakichanga mara ya pili kwa sababu mweka hazina amekula mchango wa kwanza, hiyo si sikukuu. Lakini kwa swali letu Potter ana faida. Yeye ni mtu asiyedaiwa na mtu ye yote hapa duniani, na asiyepokea kwa mtu ye yote ila kodi na riba. Na jioni ile, George aliposimama akisema moyoni kwamba afadhali afe kuliko kuwaomba jirani, alikuwa amemkaribia Potter kuliko wakati wo wote wa maisha yake. Njia mbili zilikuwa mbali mbali tangu utoto, moja ya ubahili na moja ya ukarimu, nazo zilitaka kukutana darajani.

Najua ndugu zetu wengine wamekwisha kunyanyua kidole. Watasema, Mwalimu, watu wetu wamezidi kupokea tayari. Vijana wakaa barazani wakingoja. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kazi na chakula asile. Ni kweli, nasi hatuipingi. Pia aliwakumbusha wazee wa Efeso neno la Bwana kwamba heri ya mwenye kutoa ni kubwa kuliko ya mwenye kupokea. Lakini neno hilo halikusema kwamba mwenye kupokea hana heri. Na tofauti kati ya mpokeaji na mvivu yaonekana katika picha ile ile, kwa mwanamke wa dola 17 na nusu. Alikuwa na haki ya kudai zaidi. Alijua nyuma yake wako wengine. Alipokea kwa kipimo, na kwa kipimo hicho aliwapa kitu walio nyuma yake. Mvivu hapokei, huchukua. Hamwoni aliyempa wala anayefuata. Na mwenye kiburi hapokei kwa sababu naye hamwoni aliyempa. Aona kile kibaba tu, akipima ni kidogo namna gani.

Tumsome Petro. Bwana alipojifunga kitambaa akainama kuosha miguu ya wanafunzi, Petro alikataa, tena alikataa kwa heshima, kama mtu mwema. Bwana hakumsifu kwa heshima ile. Alimwambia kwamba asipokubali kuoshwa, basi hana shirika naye. Kisimani Samaria Bwana alianza kwa kuomba maji kwa mwanamke ambaye watu wa mji wake hawakumheshimu. Luka aeleza kwamba walikuwapo wanawake waliomhudumia kwa mali zao, naye alikubali. Na ile sikukuu yenyewe tuiadhimishayo ni nini? Twafundisha watoto kwamba Krismasi ni siku ya kutoa, kwa kuwa Mungu alitoa. Ni sawa. Lakini mtoto aliyelazwa horini hakutoa kitu usiku ule. Alipewa: nguo za kuvikwa, majani ya wanyama, maziwa ya mama, na baadaye dhahabu ya wageni asiowajua. Mungu alikuja kwetu akakubali kubebwa. Sisi tuliotundika nyota za karatasi shuleni kwa miaka kumi hatukupata kuliwaza hilo mpaka mzee yule alipotuuliza swali lake.

Imebaki habari moja, nasi tulitaka kuiacha, lakini bila yake maandiko haya yangekuwa ya mtu aliyekaa juu ya kiti kile kile.

Miaka mitatu iliyopita mshahara wetu ulikawia miezi mingi. Hatukumwambia mtu. Mwalimu, twajua, hatarajiwi kukosa unga. Mama wa watoto wetu alikuwa na akili kuliko sisi, akamwambia jirani mmoja, bibi mjane aliye peke yake, ambaye mwanawe yuko mjini. Bibi huyo alikuwa na desturi ya kuja kwetu jioni na simu yake ndogo ili tumsomee maneno aliyoandikiwa na mwanawe, na kumwandikia majibu. Hakujua kusoma. Alikuwa akikaa mlangoni, akisikiliza, akituamuru turudie maneno mawili matatu, kisha akicheka na kwenda zake. Basi jioni moja alikuja bila ya simu, na juu ya kichwa kapu dogo la mahindi, yapata vibaba vinne. Tulimwamkia, naye akaitika. Akasema, "Mwalimu, nimewaletea watoto."

Tulimwambia, "Ahsante, bibi. Rudi nayo, hatujapungukiwa sisi. Wewe ndiwe mwenye kuhitaji."

Tulidhani ni maneno ya huruma. Alisimama kitambo, akajitwika kapu lake, akasema, "Haya, mwalimu." Tangu jioni ile hakuja tena na simu yake. Tulisikia kwamba humpa mtoto wa mtu mwingine amsomee, mtoto wa darasa la tatu, asomaye kwa kukwama. Tukikutana njiani hutuitikia salamu vizuri. Tulijiuliza mara nyingi tumemkosea nini, nasi tulimwombea mema! Sasa twajua. Miaka yote alikuwa akipokea kwetu, na siku moja alipata cha kuleta, nasi tukamwambia kwamba hakuna kitu chake kinachoweza kuwa na faida nyumbani mwetu.

Juma lililopita mvua zilianza mapema, na mbegu zetu za kunde zilikuwa zimeliwa na wadudu. Zingepatikana dukani. Tulikwenda kwa bibi. Tulibisha hodi, tukamwambia, "Shikamoo, bibi. Tumekuja kuomba mbegu." Alituangalia muda mrefu kuliko ipasavyo.

"Mwalimu umekosa mbegu?"

"Tumekosa, bibi."

Aliingia ndani akatoka na kibuyu, akapima vibaba viwili, akavilinganisha juu kwa kiganja chake kama apimavyo mtu sokoni, asizidishe wala asipunguze. "Mtarudisha wakati wa mavuno," akasema. Tukapokea kwa mikono miwili. Kunde zimekwisha kuota, mistari minne upande wa mashariki wa nyumba. Simu yake hajaileta.